Naomba ushauri: kitanda na baiskeli mbili ndani ya Hiace

Wakuu, habari zenu. Nipo Mtwara mjini. Nina Hiace ya paa la chini, viti vya nyuma nimeshang'oa, nataka iwe gari la kulala safarini. Mimi na mke wangu tunapenda sana baiskeli. Tunataka tufike Msimbati, Lindi, hata Kilwa Masoko, tulale humo humo, asubuhi tuzishushe tuendeshe.

Shida ni kimo. Sakafu hadi dari ni kama mita 1.3 tu, na baiskeli, hata nikishusha siti, usukani unafika karibu mita moja. Nikiinua kitanda ziingie chini yake, huko juu hatuwezi hata kukaa. Nimewaza kutoa magurudumu ya mbele, foku nizifunge kwenye ubao sakafuni ili usukani ushuke. Au zisimame upande mmoja, kitanda kiwe chembamba? Kuzifunga nje sitaki kabisa: hewa ya chumvi huku inakula cheni, na wezi je?

Seremala ananishauri mninga. Naona utalemea gari, bora fremu ya alumini na plaiwudi. Aliyewahi kutengeneza, kitanda chako kina kimo gani? Na baiskeli unazifungaje zisigongane kwenye matuta?