Vidonge vya zinki na foliki vya kuongeza mbegu, vilishafanyiwa majaribio kweli?

Mzaramo_Halisi:
Wakuu salaam. Mimi na mke wangu mwaka wa tatu huu hatujapata mtoto, yeye kapimwa yuko sawa, nikapimwa mimi wakasema mbegu chache na mwendo wake hafifu. Duka la dawa wamenipa vidonge vya zinki na foliki nimeze miezi mitatu, na bei yake imenitoa jasho. Kabla sijanunua tena naomba kujua, hivi vitu vilishajaribiwa kwa wanaume wenye shida kama yangu au ni maneno ya muuzaji tu? Mama kaanza kumsema mke wangu na inaniuma sana.

Dada_wa_Maabara:
Pole kaka. Vilijaribiwa, majibu yakatoka 2020. Huko Marekani walichukua wanandoa 2,370 waliokuwa wanatafuta matibabu ya uzazi, nusu ya wanaume wakapewa foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30 kila siku miezi sita, nusu nyingine vidonge vya kufanana kabisa ila ndani hamna dawa, na mtu hajui kapewa vidonge gani. Waliopata mtoto hai upande wa dawa asilimia 34, upande wa vidonge vitupu asilimia 35. Mbegu hazikuongezeka wala kukimbia zaidi, na waliomeza dawa ndo waliosumbuliwa zaidi na tumbo na kichefuchefu.

Hao asilimia 35 waangalie vizuri. Vidonge vyao havikuwa na dawa na wamepata mtoto, wangekuwa wamenunua kitu dukani leo wangekuwa wanakisifia kila kona. Ndo maana ushuhuda wa fulani alimeza akapata mimi siupokei, lazima kuwe na kundi la kulinganisha.

Mzaramo_Halisi:
Asante sana dada. Na hiyo miezi mitatu wanaitoa wapi?

Dada_wa_Maabara:
Hiyo ina ukweli. Mbegu moja inachukua siku 70 na kitu kutengenezwa, kwahiyo dawa ukiijaribu wiki tatu hujapima chochote. Ila rudia kipimo kwanza, namba hupanda na kushuka zenyewe hata bila dawa. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga ndo upeleke. Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka kiwango cha chini milioni 16 kwa mililita, na kuwa chini ya hapo haimaanishi huwezi kuzaa.

kijana_wa_jim:
Naongeza moja mkuu, asije mtu akakushauri sindano za testosteroni, ile homoni ya kiume, nakuomba sana. Ukichomwa ubongo unaona homoni ipo ya kutosha unaacha kuziamrisha korodani zifanye kazi, mbegu zinapungua na wengine zinaisha kabisa. WHO wenyewe walizijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, majibu yakatoka 1990! Halafu kuna watu wanauziwa eti zinaongeza nguvu na mbegu.

Dada_wa_Maabara:
Kweli kabisa. Kaka nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, akushike korodani aone kama mishipa imevimba, halafu apime homoni. Kuna wanaume ambao ubongo hautoi zile homoni za kuamsha korodani, hao wakichomwa sindano za homoni hizo, siyo testosteroni, wengi wanaanza kutoa mbegu, ila mpaka ijulikane ndo shida yao. Hela ya dozi ya pili weka kwenye vipimo hivyo. Na mama mwambie wewe mwenyewe kwamba mkeo hana tatizo, usimwachie shemeji yetu abebe peke yake.