Makala moja inakataliwa haijasomwa, nyingine inakubaliwa haijasomwa: ni nani anayesoma makala za makongamano?

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari za kazi. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikingoja hasira ipoe, na kwa kuwa haikupoa nimeamua kulifungulia uzi, hasa kwa ajili ya walioko vyuoni na kwenye taasisi za utafiti ambao kila mwaka hutuma makala kwenye makongamano ya kimataifa na kurudishiwa majibu yasiyofanana na walichokiandika.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa nchini, na utafiti wangu unahusu mifumo ya kompyuta inayotambua usemi. Kwa miezi minane mimi na wenzangu wawili tuliwarekodi wazee wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na wazee wa pwani ya Tanga wanaozungumza Kimtang'ata. Tuliyanakili maneno yao moja baada ya jingine, tukarudi kwao kuwauliza pale tulipokuwa na shaka, kisha tukapima ni kwa kiasi gani mifumo iliyofunzwa kwa Kiswahili cha redioni inashindwa kuwaelewa. Kosa lilikuwa kubwa, na tulionyesha kwa majedwali kwamba sehemu yake kubwa inatokana na maumbo ya vitenzi, ambayo katika lahaja hizo hutofautiana na Kiswahili sanifu. Tukaandika kurasa nane, tukazituma kwenye kongamano moja kubwa la fani yetu, tukasubiri karibu miezi mitatu.

Majibu yalikuja kutoka kwa wahakiki watatu. Wa kwanza alitoa alama 3 kati ya 10 na kuandika sentensi mbili: kwamba mbinu imejaribiwa kwa Kiswahili pekee, hivyo haijulikani kama ina faida kwingineko, na kwamba tungepaswa kuonyesha matokeo ya Kiingereza. Wa pili alitoa 7, na maelezo yake yote yalikuwa kwamba makala imeandikwa vizuri. Wa tatu alitoa 3, akatutaka tueleze kwa nini picha tulizotumia zina mwanga hafifu na kwa nini hatukujilinganisha na mifumo mingine ya kutambua nyuso. Makala yetu haina picha hata moja. Neno "uso" halimo tangu kichwa hadi ukurasa wa mwisho. Mtu huyu alibandika maoni ya makala nyingine juu ya kazi ya miezi minane, akabofya kitufe cha kutuma, akaenda zake.

Tulipewa siku saba za kujibu. Tuliandika kwa adabu kwamba inaelekea maoni ya mhakiki wa tatu ni ya makala nyingine, tukamwandikia pia mwenyekiti wa uga, yaani msimamizi wa wahakiki, kwa njia ya siri ambayo mfumo unairuhusu. Hakujibu. Uamuzi ulipotoka, ulikuja na aya moja iliyosema kwamba wahakiki wametofautiana na kwamba mashaka ya mhakiki wa tatu hayakujibiwa ipasavyo. Ni mashaka gani hayo? Ya picha ambazo hazipo?

Sijaja hapa kudai kwamba makala yetu ilistahili kukubaliwa. Huenda ina kasoro, na mtu akinionyesha jedwali lenye hesabu mbaya nitamshukuru na kulirekebisha. Ninachodai ni kusomwa.

Kwa wasioufahamu utaratibu huu, naomba niueleze, kwa sababu kila hatua yake ina mahali pa kuvunjikia. Katika fani ya kompyuta, tofauti na fani nyingi nyingine, makala ya kongamano ina uzito sawa na ya jarida, na mara nyingi unauzidi, kwa hiyo hukumu ya kongamano ni hukumu ya kazi yako ya mwaka mzima. Kwanza makala hupita mchujo wa mlangoni, ambapo huangaliwa idadi ya kurasa, kama majina ya waandishi yamefichwa, na kama kuna wizi wa maandishi. Ikipita, wahakiki huonyeshwa vichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, na kuchagua wanazopenda kuzisoma, kisha programu ya kompyuta huwagawia. Kila makala hupata wahakiki watatu au wanne, kila mhakiki hupata makala kadhaa na wiki chache za kuzisoma. Baada ya hapo hutolewa alama, waandishi hujibu, wahakiki hutakiwa kujadiliana, na mwenyekiti wa uga huandika muhtasari wa kupendekeza uamuzi. Kwenye karatasi utaratibu huu unapendeza. Katika makala yetu hapakuwa na mjadala wowote. Alama zilizotolewa siku ya kwanza ndizo zilizobaki hadi siku ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba nimepata bahati mbaya tu. Mwaka 2014 waliokuwa wenyeviti wa programu wa NIPS, kongamano kubwa la akili mnemba ambalo sasa huitwa NeurIPS, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walilipima jambo hili. Kati ya makala 1,678 zilizotumwa, walichukua 166 na kuzipeleka kwa kamati mbili zilizofanya kazi bila kuonana. Kamati hizo zilitofautiana katika makala 43, yaani takribani robo. Robo inaweza kuonekana ndogo mpaka uliangalie jambo upande wa zilizokubaliwa: zaidi ya nusu ya makala ambazo kamati moja ilizikubali zilikataliwa na kamati nyingine. Kwa kiwango cha kukubali cha asilimia 22.5, kamati mbili ambazo zingeamua kwa kupiga kura ya bahati tu zingetofautiana katika takribani asilimia 35 ya makala. Uhakiki wa wataalamu uliwasogeza kutoka 35 hadi 26. Zoezi hilo lilirudiwa mwaka 2021, wakati makala zilizotumwa zilikuwa zimefika 9,122, kwa kuzirudufu 882, na tofauti ikawa takribani asilimia 23. Miaka saba ya marekebisho, na mwandishi ambaye makala yake imekubaliwa bado hawezi kusema kwa uhakika kwamba kamati ya jirani ingeikubali pia.

Sasa chukua bahati nasibu hiyo na uiongezee lugha. Mwongozo wa wahakiki wa ACL Rolling Review, mfumo unaotumiwa na makongamano makubwa ya uchakataji wa lugha, una orodha ya hoja za kivivu ambazo mhakiki anatakiwa kuziepuka, na mojawapo ni hiyohiyo niliyopewa: kwamba mbinu imejaribiwa kwenye lugha isiyo Kiingereza na hivyo haijulikani kama itafaa kwingine. Wameiandika kwa sababu wanajua inatumika. Mtu aliyefanya kazi kwa Kiingereza pekee haulizwi kama mbinu yake itafaa kwa Kiswahili, lugha ambayo UNESCO inaitaja kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200 na imeitengea siku ya 7 Julai kila mwaka. Sisi tunaulizwa, na tukijibu kwamba swali letu lilihusu lahaja za Kiswahili na si jambo jingine, jibu letu halisomwi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wahakiki hawalipwi. Wengi ni wanafunzi wa uzamivu waliobebeshwa makala tano au sita katikati ya muhula, nami nimewahi kuwa mmoja wao, nikisoma usiku baada ya kusahihisha mitihani. Mzigo umekua kupita kiasi: NeurIPS ya 2025 ilipokea makala zaidi ya 21,000. Hakuna kijiji cha wataalamu duniani kinachoweza kuzisoma hizo zote kwa makini ndani ya miezi michache. Hata hivyo, uchovu unaeleza uhakiki mfupi, hauelezi uhakiki wa makala isiyokuwepo, na wala hauelezi mwenyekiti wa uga kuambiwa kosa lilipo na bado kulitia sahihi.

Halafu kuna akili mnemba. Watafiti waliochunguza maoni ya wahakiki wa makongamano manne ya fani hii, ICLR 2024, NeurIPS 2023, CoRL 2023 na EMNLP 2023, walikadiria kwamba kati ya asilimia 6.5 na 16.9 ya maandishi hayo huenda yaliandikwa au kubadilishwa kwa kiasi kikubwa na modeli za lugha, yaani programu za akili mnemba zinazotunga maandishi, na kiwango kilipanda katika maoni yaliyotumwa tarehe ya mwisho ikikaribia. Waandishi nao wamejifunza. Mwaka 2025 ziligunduliwa makala zilizofichwa maagizo kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, yakiiamuru mashine inayosoma itoe sifa tu. Tafakarini hali hiyo: mwandishi anamwandikia mhakiki maneno ambayo jicho la binadamu haliwezi kuyaona, kwa kuwa ameshakata tamaa kwamba binadamu atasoma. Siwatetei hao, ni udanganyifu, ila naona umeotea wapi.

Wiki ileile niliyokataliwa nilipokea barua pepe ya kunikaribisha kwenye kongamano jingine ambalo sijawahi kulisikia, linalochanganya uhandisi, tiba na usimamizi wa biashara katika ukumbi mmoja wa hoteli. Kwa kutaka kujua, nikawatumia ikisiri ileile. Ilikubaliwa baada ya siku mbili, bila maoni hata mstari mmoja, na ikaambatanishwa ankara ya ada ya ushiriki kwa dola, inayozidi mshahara wangu wa mwezi. Haya nayo hayakuanza leo. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT cha Marekani walitengeneza programu ya kutunga makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, na mojawapo ikakubaliwa kwenye kongamano. Mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE walilazimika kuziondoa makala zaidi ya 120 zilizotungwa kwa programu hiyohiyo, baada ya mtafiti wa Ufaransa, Cyril Labbé, kuzigundua ndani ya machapisho yao ya makongamano. Mwaka 2016 Christoph Bartneck, akiwa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, aliandika ikisiri ya fizikia ya nyuklia kwa kubofya maneno yaliyopendekezwa na simu yake, na kongamano lililomwalika likaikubali ndani ya saa tatu.

Wanajamvi wengi huyaona haya kuwa magonjwa mawili, moja la makongamano makubwa yenye heshima na jingine la matapeli. Mimi nauona ni ugonjwa mmoja. Kule nilikataliwa na mtu ambaye hakusoma, huku nikakubaliwa na mtu ambaye hakusoma, na kamati ya kupandisha vyeo chuoni kwangu, ambayo nayo huhesabu machapisho bila kuyafungua, ingeweza kuniandikia alama kwa hili la pili. Kijana anayeona hivyo mara tatu au nne, mwenye familia na mkataba unaokaribia kwisha, ataacha kuwarekodi wazee wa Makunduchi na atalipa hizo dola. Nawajua waliolipa. Siwalaumu kwa ukali ninaowalaumu nao waliowafikisha hapo.

Na hapa nyumbani tusijifiche. Nimehudhuria makongamano yetu ambayo huchuja ikisiri tu, ya maneno 300, kisha hutoa kitabu cha makala kamili ambazo hakuna aliyezihakiki, na ukurasa wa mbele wa kitabu hicho hutangaza kwamba kila makala imepitiwa na wataalamu. Hilo ni tamko la uongo lililochapishwa kwa wino wa chuo.

Ninachotaka kinawezekana, kwa kuwa vipande vyake vipo tayari mahali fulani. ICLR huyaweka maoni ya wahakiki hadharani pamoja na majibu ya waandishi, hata ya makala nyingi zilizokataliwa, na kila mtu anaweza kuona kama mhakiki alisoma. Laiti maoni yale ya picha na nyuso yangekuwa hadharani chini ya kichwa cha makala ya lahaja, mwenyekiti wa uga asingethubutu kuyatumia kama sababu. ACL Rolling Review inawapa waandishi nafasi ya kuripoti uhakiki mbovu kwa kuonyesha aina ya kosa. CVPR ya 2025, kongamano la mifumo ya kompyuta inayotambua picha, ilikwenda mbali zaidi: iliziondoa makala 19 ambazo vinginevyo zingekubaliwa, kwa sababu miongoni mwa waandishi wake walikuwamo wahakiki waliopuuza wajibu wao kupita kiasi. Ni adhabu kali, na inawagusa waandishi wenza wasio na hatia, jambo linalonipa shida, lakini angalau mtu mmoja aliulizwa. Mimi ningeanza na sharti dogo zaidi: kila mhakiki ataje ukurasa na jedwali analolipinga, na uhakiki usiotaja chochote kilichomo ndani ya makala uondolewe kwenye hesabu kabla ya uamuzi.

Naomba waliowahi kuwa wenyeviti wa uga waje hapa waniambie kwa ukweli: majibu ya waandishi huwa mnayasoma, au huangalia wastani wa alama tu? Na waliofanya kazi juu ya Kinyarwanda, Kiganda, Kisukuma, Kisomali au lugha nyingine yoyote ya kwetu, kama mmeulizwa matokeo ya Kiingereza yako wapi, wekeni hapa maneno mliyoandikiwa, bila majina ya watu. Ya kwangu nayaweka kwenye bandiko linalofuata, yote matatu, neno kwa neno.