Naomba ushauri: CD na DVD za kumbukumbu za familia zimeanza kugoma

Mjukuu_Mkubwa
Habari zenu wakuu. Ndugu zangu wamenikabidhi boksi la CD na DVD za familia: harusi, mahafali, na zaidi ya yote mazungumzo ya marehemu babu akisimulia ukoo wetu. Nyingi zilichomwa nyumbani kwa kompyuta, chache ni za dukani. Baadhi zinasoma vizuri, nyingine zinaganda katikati, na ipo moja draivu inaizungusha weee, kisha inaitema. Kadhaa zimebandikwa karatasi za gundi zenye majina. Mmoja ananiambia nizisugue kwa dawa ya meno, mwingine anasema niziweke kwenye friji. Kabla sijagusa chochote nataka kuelewa data imekaa wapi hasa, nisafishe kwa kitu gani, na zilizo nzima nizitunze vipi. Sina kopi nyingine popote.

FundiLeza
Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugusa. Friji haisaidii chochote, hiyo iache.

Kuhusu data: watu wengi huamini imekaa upande unaong'aa, ndiyo maana wakiitoa CD huilaza lebo ikiwa chini ili kuulinda ule mng'ao. Kwa CD hapo wanaumiza upande dhaifu. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu wote ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Leza inapita ndani ya plastiki hiyo hadi kuifikia data iliyoko juu kabisa, chini ya lebo. Hapo juu kinachoikinga ni tabaka jembamba la madini na vanishi tu. Mkwaruzo mdogo wa upande wa chini leza inaweza kuuvuka, maana imelenga mbali zaidi ya pale. Mkwaruzo wa upande wa lebo ukishachana yale madini, data ya sehemu ile imekwenda, na hakuna wa kuirudisha.

DVD ni tofauti. Hiyo ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, data iko katikati. Adui yake mkubwa ni kupindwa, kwa hiyo unapoitoa kwenye kasha bonyeza kitovu kwanza, usiing'oe kwa ukingo. Ukikuta na Blu-ray humo, data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa. Hiyo usiisugue kwa kitu chochote.

Sauti_ya_Zamani
Mimi CD iliyokuwa inaruka niliisugua na dawa ya meno na ikasoma mpaka leo. Tusimkatishe tamaa mwenzetu.

FundiLeza
Nakuamini mkuu. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na ukiulainisha mkwaruzo wa chini mwanga wa leza unaacha kutawanyika. Ila chembe hizo hizo huchora mikwaruzo mipya, na mwenzetu ana sauti ya babu isiyo na kopi. Kwa diski ya namna hiyo kusugua ni hatua ya mwisho kabisa.

Mjukuu, anza hivi: puliza vumbi, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba kutoka kitovuni kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe mkono. Data imepangwa kwa mstari mmoja unaozunguka kuanzia ndani kwenda nje, na mfumo wa kusahihisha makosa wa CD unaweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari huo. Mkwaruzo unaoukata mstari ni pengo dogo. Unaoufuata mstari ni pengo refu lisilozibika. Uchafu ukigoma, tumia maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, au alkoholi ya aisopropili. Petroli, thina na asetoni zisikaribie kabisa.

Bi_Maktaba
Naongezea kwa upande wa utunzaji, kwa sababu hizo za kuchomwa nyumbani ndizo zinazonitia wasiwasi. Za dukani data imegandamizwa kiwandani kama vishimo. Za kuchoma mara moja zina tabaka la rangi ambayo leza imeibadilisha, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Diski iliyoachwa dirishani inaweza kufa bila mkwaruzo hata mmoja.

Zile karatasi za gundi USIZIBANDUE. Kwenye CD gundi inaweza kuondoka na madini pamoja na data. Ziache hivyo hivyo, ukopi kilichomo. Ukitaka kuandika jina, tumia kalamu ya ncha laini yenye wino wa maji, tena kwenye duara lisilo na data karibu na tundu. Kalamu ya biki hapana.

Zihifadhi kwenye makasha magumu, zikiwa zimesimama wima, gizani na pakavu. Mwongozo wa NIST (taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani) wa mwaka 2003 unataja nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Usipoweza kufika huko, basi angalau joto lisipandepande na kushuka.

Ila kasha zuri halichukui nafasi ya kopi. Anza na zinazosoma, wiki hii hii, maana hizo ndizo una uhakika nazo. Zinazoganda jaribu kwenye draivu tofauti, kwa kasi ndogo. Draivu hazilingani kabisa kwa usomaji. Programu ya ddrescue inaruka sehemu mbovu, inaokoa nzima kwanza, halafu inazirudia zilizobaki.

Mjukuu_Mkubwa
Asanteni sana, nimeanza kukopi na za babu zimesoma zote isipokuwa ile inayotemwa. Nimeiangalia vizuri: ni DVD ndogo ya sentimita 8, ilitoka kwenye kamera ya mjomba. Haina mkwaruzo.

FundiLeza
Basi huenda haijaharibika. DVD za kamera zinapaswa kufungwa baada ya kurekodi, kwenye menyu imeandikwa Finalize. Isipofungwa, mashine nyingine nyingi haziitambui. Mwombe mjomba kamera hiyo hiyo. Ikicheza, usibonyeze Finalize kwanza, kwa sababu hatua hiyo inaandika kwenye diski. Unganisha kamera na kompyuta au rekoda kwa waya, icheze yote huku unarekodi, hakikisha faili linafunguka mwanzo hadi mwisho, ndipo uifunge. Na usiiingize kwenye draivu zile za kumeza diski kwa tundu. Diski ndogo hukwama humo.