Samaki 9 kati ya 14 wamekufa: nijaze vipi upya tangi la nyumbani hapa Dodoma?

Mama wa Ilazo

Habari za leo ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mwezi uliopita nilimnunulia mwanangu wa miaka 9 tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45. Siku ile ile tulipolijaza maji ya bomba tuliweka samaki 14 wa aina mchanganyiko, kwa kuwa muuzaji alituhakikishia kwamba tangi la ukubwa huo linawatosha. Siku ya tatu walianza kupanda juu na kutwetea, midomo ikiwa usawa wa maji, na kufikia siku ya kumi walikuwa wamekufa 9. Waliobaki ni samaki wa dhahabu 2, mbuna wa manjano 2, na yule mweusi anayenyonya kioo, ambaye kwa sasa ana urefu wa kidole changu cha kati.

Mwanangu aliwazika mmoja mmoja chini ya mpera, kisha akaniuliza kama ni sisi tuliowaua. Nilikosa la kumjibu. Naomba kujua tulikosea wapi, na tukianza upya tuweke samaki gani na wangapi. Jambo la mwisho: jirani amenishauri kwamba huyu mnyonyaji akishakuwa mkubwa nimpeleke Bwawa la Hombolo akaishi huko. Je, ni sawa kufanya hivyo?

Mkazi wa Nkuhungu

Pole sana, dada. Hukuwaua kwa kukusudia, lakini waliwekwa kwenye maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki chini huoza na kuongeza amonia hiyo hiyo. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio na juu ya changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na ambayo wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Tangi lako lilikuwa na umri wa saa chache likapewa mzigo wa samaki 14.

Hapa kwetu kuna jambo linaloongeza hatari. Maji mengi ya mji huu hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, nayo ni magumu. Kila mwenye birika la umeme anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini yake. Maji ya namna hii kwa kawaida huelekea upande wa alkali, na kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali inayoua. Kiasi ambacho samaki wa mahali penye maji laini angekivumilia, hapa kinaweza kummaliza.

Kwa sasa usinunue samaki hata mmoja. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja au mbili, kwa maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikiyakoroga ili klorini itoke, na wape chakula kidogo mara moja kwa siku. Sponji ya kichujio isioshwe kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini itawaua bakteria unaowasubiri. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukipata vipimo vya amonia na nitriti, vinunue kabla ya mapambo yoyote. Vyote viwili vikisoma sifuri kwa wiki nzima, hapo ndipo pa kufikiria samaki wapya.

Mwalimu wa Kikuyu

Naongezea kuhusu idadi. Kwa vipimo ulivyotaja, tangi lina lita 182, lakini ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe yanakaribia lita 150. Muuzaji alihesabu samaki kwa ukubwa waliokuwa nao siku ile dukani. Wewe wahesabu kwa ukubwa watakaoufikia: samaki wa dhahabu anaweza kuzidi sentimita 20, na mnyonyaji wako, kama ni wa jamii ile inayouzwa sana, hufika sentimita 40 au zaidi. Hao watatu peke yao watalizidi tangi lako.

Tena hawafai kukaa pamoja. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi kidogo, ilhali mbuna ni wa Ziwa Nyasa na huhitaji nyuzi 24 hadi 26, na usiku wa Juni na Julai wa Dodoma utakulazimu kuwawekea hita. Mbuna pia hulinda eneo lake kwa ukali, na samaki wa dhahabu mwenye mapezi marefu hana pa kukimbilia.

Ushauri wangu ni kuchagua samaki kwa kufuata maji uliyonayo. Watu huhangaika kulainisha maji ili wafuge samaki wa Amazoni, wakati sisi tuna maziwa mawili yenye samaki wanaopenda maji magumu ya alkali. Ukiwataka wa Tanganyika, kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, ambao hawazidi sana sentimita 5. Kundi la 8 litakutosha, na mtoto ataona jike likichimba mchanga na kulifukia kombe hadi ubaki mlango tu. Muulize muuzaji kama wamezalishwa tangini au wamevuliwa ziwani, na uchague waliozalishwa. Ukitaka kitu chepesi zaidi, gapi 10, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, wanafaa, ila wawe madume watupu, kwa maana jike mmoja atakujazia nyumba vifaranga usiokuwa na pa kuwapeleka. Kundi lolote utakalochagua, liingize kidogo kidogo, samaki 3 au 4 kwanza, kisha subiri wiki 2 au 3.

Mzee wa Bahi

Mwanangu, nakuomba usimpeleke yule samaki Hombolo. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 na watu waliodhani wanafanya jambo jema, na pamoja na sababu nyingine akachangia kutoweka kwa aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Huyo mnyonyaji naye ametoroka kwenye matangi akaenea katika nchi kadhaa, na huchimba mashimo kwenye kingo za mito hadi udongo ukamomonyoka.

Huku kwetu kuna samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, ambao madume yao yana rangi nyekundu na buluu. Kiangazi dimbwi hukauka kabisa, ng'ombe wakapita juu yake, na mayai yakabaki hai ndani ya tope hadi mvua ijayo. Niliwachota kwa kikombe nikiwa mtoto. Samaki hao hawana kinga dhidi ya mgeni anayemwagwa kutoka kwenye ndoo, hata akiwa gapi.

Mrudishe kwa muuzaji, au umpe mtu mwenye tangi kubwa ambalo maji yake hayatoki nje. Na maji unayobadilisha usiyamwage kwenye korongo. Yamwagie bustani, yana mbolea.

Mama wa Ilazo

Nawashukuru sana. Muuzaji amekubali kumpokea mnyonyaji, na samaki wa dhahabu wamechukuliwa na mwenzangu kazini mwenye bwawa la saruji uani. Tumebaki na mbuna 2, nao hawapandi tena juu kutwetea. Leo tumetoa lita 40. Mwanangu amezimwagia mchicha na mpera, kisha ameandika tarehe kwenye daftari lake. Mwalimu, kama tukibaki na hawa mbuna na kuachana na wale wa makombe, wanahitaji wenzao wangapi?

Mwalimu wa Kikuyu

Hao wa manjano ni wapole kuliko mbuna wengi. Fikisha 6 wa aina hiyo hiyo, panga mawe yawe na mapango mengi kuliko samaki, na hita iwe imefungwa kabla ya Juni.