Nyigu wamejenga juu ya mlango wa jiko, nifanyeje?

Mama wa Rau: Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri. Nipo Rau, hapa Moshi. Kwenye kenchi, juu ya mlango wa jiko la nje, nyigu wamejenga. Kiota kilianza kama kifungo cha koti, sasa kinakaribia kisahani cha chai. Jumapili wamemuuma mwanangu wa miaka sita juu ya jicho akienda bombani, likafumba kabisa. Jirani anasema nifunge tambara kwenye mti, nichovye mafuta ya taa, niwachome. Baba yao kasafiri. Na kuna viota vingine viwili kwenye michongoma, karibu na sukuma wiki. Vyote niviondoe?

Fundi Mabati: Pole sana dada, na mtoto pia. Moto hapana, nakuomba. Niliwahi kuitwa kuezeka upya jiko lililoungua hivyohivyo. Nyigu hutafuna mbao wakachanganya na mate, kwa hiyo kile kiota ni karatasi tupu. Kinawaka kama gazeti, na juu yake una kenchi kavu.

Nesi wa Zamu: Mtoto anaendeleaje? Nyigu haachi mwiba kama nyuki, usihangaike kuutafuta. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Kuvimba palepale alipoumwa ni kawaida. Lakini akianza kuvimba midomo au ulimi, kutoka vipele mwili mzima, kutapika, kuhema kwa shida au kulegea, usisubiri kupambazuke, kimbia hospitali. Hata kama safari hii amepona vizuri, siku nyingine mwili unaweza kupokea vingine.

Mama wa Rau: Uvimbe unashuka, anacheza. Asante dada nesi, nilikuwa namkagua mwiba kwa tochi usiku kucha!

Bibi wa Machame: Mwanangu, wa michongoma waache. Kaa asubuhi uwaangalie kwenye sukuma wiki: wanakamata viwavi, wanavitafuna, wanawapelekea watoto wao. Mimi kabichi zangu nawategemea hao. Ila mtoto asichezee pale, na anayepunguza michongoma aambiwe kabla hajashika panga.

Fundi Mabati: Bibi kasema kweli. Cha mlangoni ndicho kiondoke. Fanya alfajiri giza likiwepo, wamepoa na wote wako nyumbani. Vaa koti zito, suruali ndani ya buti, khanga kichwani na usoni, ubakize macho. Tochi ifunike kitambaa chekundu, rangi hiyo hawaioni vizuri. Chukua bomba la kupulizia mboga, lita moja ya maji na vijiko viwili vya sabuni ya maji, uwaloweshe mpaka wadondoke. Sabuni inawaziba pumzi. Simama pembeni, siyo chini yake. Kukipambazuka kwangua kiota pamoja na kikonyo kinachokishikilia kwenye kenchi. Kama panahitaji ngazi, mwite mtu. Ukikuta wanaingia ndani ya dari, usiwaguse, piga zimamoto 114.

Mama wa Rau: MREJESHO. Nimefanya leo saa kumi na moja alfajiri, shemeji kanishikia tochi. Wawili waliruka, hawakufika mbali. Kiota nimekikwangua, kenchi nimeipaka oili chafu. Wa michongoma nimewaacha, nimeweka matofali mtoto apite upande wa pili. Aika sana. Bibi, nimekaa kuwaangalia kama ulivyosema, na mmoja nimemwona na kiwavi chake.