Naomba ushauri: signo za treni ya bustanini zaliwa na chumvi

Wazee habari zenu, mie niko Nyali karibu na bahari, nina reli ndogo ya upana wa milimita 45 nyuma ya nyumba na signo za taa tatu, nyekundu, manjano na kijani. Nyekundu yawaka sawa ila kijani yapepesa kisha yazima, nikifungua nakuta waya umeota ukijani na solda imekuwa unga. Hewa yetu hii jamani, hata bawaba za mlango haziponi.

Fundi wa redio aniambia tupa zote, sasa nataka kuunda mpya kwa paipu ya shaba na LED za milimita 3, umeme ni volti 12 DC. Nyekundu inakula kama volti 2 na kijani karibu 3, kwa hivyo rizista (kile kipande cha kupunguza umeme) ya kilo-ohm 1 kila moja itanipa kama miliampia 10, au jua la saa saba litaimeza taa? Viungo nizibe na epoksi ama silikoni? Silikoni ile yenye harufu ya siki naiogopa, inakula shaba. Na treni ikipita nataka signo igeuke nyekundu yenyewe, nafikiria swichi ya sumaku chini ya injini, kama kuna njia rahisi zaidi semeni.