Nimepata maganda ya risasi na kitu chenye mapezi shambani, niyasafisheje?

Migomba_Kyotera: Salaam ndugu zangu. Shamba letu liko upande wa Mutukula. Nimeazima ditekta, kile kifaa cha kugundua chuma ardhini, ya rafiki anayetafuta dhahabu, nikatoa maganda tisa. Matano ni ya shaba ya njano, yameota kijani, urefu milimita 56, kitakoni yana ukingo na moja linasomeka VII. Manne ni ya chuma, milimita 39, hayana ukingo. Babu alisimulia kwamba baba yake alibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye vita vya Wajerumani, ndiyo maana nataka kuyatunza. Nisugue kwa limau na majivu? Kuna pia kitu kama chupa chenye mapezi, nusu bado kiko ardhini.

Sajini_Mstaafu: Mwanangu, hicho cha mapezi usikiguse! Ni bomu la mota. Lililorushwa likakosa kulipuka ni baya kuliko jipya, na miaka ardhini haikulipunguza makali. Wanajeshi wa Tanzania waliichukua Mutukula Januari 1979, na mizinga ilipigwa sana. Weka matawi kwa mbali, fungia watoto na mbuzi, kisha nenda polisi leo hii. Ditekta izime kabisa.

Mpenda_Kale: Mzee amesema kweli, fuata hilo kwanza. Ya chuma ni ya SMG, yaani bunduki aina ya AK-47, nayahesabu kuwa ya 1979. Ya shaba ni ya .303, risasi ya bunduki ya Mwingereza. Lakini VII peke yake haitoshi, maana toleo hilo la VII la risasi lilianza 1910 likatumika hata vita vya pili. Tafuta tarakimu za mwaka pembeni. Hakikisha kila moja halina kichwa na kitako kina kishimo kilichopigwa na pini ya bunduki. Lisilo nacho, liache hapo hapo.

Limau hapana. Asidi inakula zinki iliyochanganywa kwenye shaba ya njano, shaba inabaki ya waridi na herufi zinafutika. Loweka kwenye maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, badilisha kila siku, piga mswaki laini, chokonoa kwa kijiti cha mwanzi. Kausha, paka nta. Kijani kilichoshikana kiache, kinalinda. Ya chuma yapige brashi makavu, kisha nta.

Migomba_Kyotera: Asante Mzee, asante ndugu. Polisi wamezungushia utepe, wanasubiri wataalamu wa jeshi. Maganda yote yana kishimo. Baada ya siku tatu za maji, kwenye moja la shaba imetokea 15. Nimemwita baba aje aone.